Ukurasa wa Siku Ile

Kabati la Mkurugenzi lilikuwa na kufuli mbili, na Mama Pacha alikuwa amezisubiri zote mbili kwa mwezi mzima. Leo zinafunguliwa. Leo atanitambua, alijiambia, akaketi mbele ya skrini yake kama mtu asiyejua lolote.

Kituo chao kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye feni mbovu. Kazi yao ilikuwa kulichunga jua. Jua likichafukwa hutupa dhoruba isiyo na mvua wala upepo. Ikifika huku huvuruga usumaku wa dunia, na umeme usioalikwa huingia kwenye nyaya na kuunguza transfoma. Wa kuwapa habari alikuwa satelaiti moja kongwe waliyoiita Bikizee. Iliundwa ifanye kazi miaka mitano. Huu ulikuwa wa kumi na tisa. Siku nyingine Bikizee hukata mawasiliano katikati ya kazi, kisha hurudi anapojisikia.

"Bikizee vipi?" aliuliza Domo, mwenzake wa zamu, mdomo umejaa karanga.

"Kimya tangu saa mbili." Mama Pacha alivuta daftari la zamu na kuchukua kalamu.

"Na wewe na wino wako! Ofisi nzima bluu, wewe kijani. Mwenzetu kinyonga?"

"Kalamu za marehemu mume wangu hizi. Ukome."

Domo akarudia karanga zake.

Mama Pacha aliandika: Hakuna data. Ndivyo ilivyoagiza karatasi iliyobandikwa ukutani kwa amri ya Mkurugenzi: BIKIZEE ASIPOSEMA, ANDIKENI "HAKUNA DATA". Aliibandika wiki moja baada ya mazishi. Unafiki mtupu! Kila alipoiangalia, damu ilimchemka.

Mumewe alikuwa fundi umeme. Asubuhi ya kifo chake Mama Pacha alikuwa zamu peke yake. Bikizee akakata mawasiliano, naye akaandika hivyo daftarini mbiombio na kukimbilia nyumbani, maana pacha mmoja alikuwa anawaka homa. Mkurugenzi akasoma daftari, akawatumia watu wa umeme taarifa ya kila siku. Taarifa yenyewe ni neno moja kati ya matatu: Kimya, Wastani au Dhoruba. Siku ile alituma Kimya. Jua limetulia, fanyeni kazi zenu. Mafundi wakaenda kwenye transfoma kubwa. Saa sita ikalipuka, na mumewe akaletwa nyumbani ndani ya sanduku ambalo hawakumruhusu kulifungua.

Uchunguzi ulipofanyika, ukurasa wa siku ile haukuwepo daftarini. "Umepotea," alisema Mkurugenzi, uso mkavu. Akapewa karipio kali, akalipokea bila kujitetea, akarudi kwenye kiti chake. Ijumaa hii angestaafu kwa keki na hotuba.

Astaafu? Thubutu!

Mama Pacha alimchukia mtu huyu hadi kwenye mifupa. Zamani alikuwa rafiki wa mumewe wa kufa na kuzikana, na hadi leo hakuona haya kuja kuwaona pacha kila Jumapili. Wakimrukia shingoni, "Baba mkubwa! Baba mkubwa!", mama yao huingia jikoni na kusugua masufuria yaliyo safi.

Kisha, mwezi uliopita, alimkuta na kabati wazi. Ndani aliona bahasha iliyoandikwa tarehe ile. Usiku huo hakulala. Kulipokucha akawaandikia wakaguzi barua. Niliandika kwamba satelaiti haisemi, alieleza. Yeye akatangaza kwamba jua limetulia, kisha akauficha ukurasa wangu ili asishikwe.

Saa nne mlango ukafunguliwa. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, nyuma yake askari wawili.

"Funguo za kabati," alimwambia Mkurugenzi.

Mkurugenzi hakumtazama yeye. Alimwendea Mama Pacha, akainama karibu na sikio lake.

"Shemeji, nakuomba. Waambie ulikosea, hukuona bahasha yoyote. Siombi kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya nani, basi? Ya marehemu?"

"Wafikirie watoto."

"Wewe uliwafikiria?" Sasa alikuwa amesimama, anapiga kelele, na Domo amesahau kutafuna. "Miaka mitatu unakalia damu ya mume wangu! Unawabeba wanangu mgongoni kwa mikono hiyohiyo! Fungua!"

Raha iliyompanda Mama Pacha ilimshangaza hata yeye. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kuliko alivyotarajia, akatamani mzee huyu alie mbele za watu.

Hakulia. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka mezani taratibu.

"Unajua kuficha ushahidi ni jela?" mkaguzi aliuliza.

"Najua, mama. Nilijua tangu siku ile."

Kufuli ya kwanza ikafunguka, na ya pili. Bahasha ilikuwa palepale. Mkaguzi alitoa ukurasa, akausoma, akavua miwani, akaifuta, akausoma tena. Kisha akaitazama kalamu iliyokuwa bado mkononi mwa Mama Pacha.

"Kwenye barua yako unasema uliandika kwamba satelaiti haisemi."

"Ndiyo. Soma kwa sauti, wote wasikie!"

Mkaguzi hakusoma. Aliugeuza tu ukurasa, akamsogezea. Kwenye safu ya hali ya jua, kwa wino wa kijani, kulikuwa na neno moja: Kimya.