Afya ya Angélique

"Bunia yote, onyesheni mwanamke mwenye nguvu kama mimi!" Angélique alitangaza wodini, siku ya tatu baada ya kuzaa mapacha, akiwa na miaka arobaini na moja na sauti ya muuza samaki.

Nje, akina mama wa familia walikuwa wamekwisha kuanza ngoma. Kwao mapacha hawaingii nyumbani kimyakimya: mama yao hutangulia akicheza, na matusi ya kuchekesha ya wimbo huyaanzisha yeye.

Muuguzi aliubonyeza mguu wa Angélique kwa kidole gumba. Shimo likabaki, kama kwenye bugali wa moto.

"Ile ni mafuta ya furaha," Angélique alisema.

"Mama, tension ya damu iko juu. Mapacha, na miaka yako: hatari haiishe na kuzaa. Degedege inaweza kukukamata hata leo. Kichwa haikuumi? Macho?"

"Macho? Niko naona mpaka Mahagi-Port, kule ku ziwa! Weye unataka kufunga mama ya mapacha kama mbuzi? Niache, ngoma iko inaniita!"

Akasimama, akakaza kitenge, akanyoosha mikono apewe watoto.

Mama mkwe wake, aliyekuja kumchukua na aliyeimba kuliko wote, alikuwa mlangoni. Aliacha kuimba, akaingia.

"Munganga," alisema polepole, "asubuhi alimwanga uji yote chini. Akasema vikombe viko mbili, hajue atie mu kikombe gani."

Angélique alimkazia macho.

"Na mimi," mama mkwe alimalizia, "nilileta kikombe moja tu."