Kikumbusho cha Saa Moja Asubuhi

Hakuna simu hata moja iliyolia. Saa moja kamili asubuhi ilifika, ikapita, na wateja kumi na wawili wa duka la dawa wakaendelea na shughuli zao bila kumeza kidonge.

"Mdogo wangu," mfamasia alisema kwenye simu, "hivi hii programu yako inakumbusha nini hasa?"

Injinia alivuta kompyuta karibu. Majirani walimpachika jina hilo kwa utani hata kabla hajaunda kitu chochote. Alikuwa amekaa jikoni kwa mama yake, kompyuta mezani, simu mkononi. Simu yake ililia vizuri. Ililia kila siku, kwa sababu alikuwa haibandui machoni. Tangu alfajiri programu ilikuwa wazi mbele yake, na haikupata hata nafasi ya kufungwa. Miezi minane ya majaribio, na jambo dogo kama hilo halikumpitia kichwani.

"Nipe wiki mbili, dada."

"Nakupa mpaka Ijumaa. Nitawauliza wote kumi na wawili. Wakisema wamekumbushwa, tunasaini. La sivyo, narudi kwenye vikaratasi vyangu."

Ijumaa hiyo haikuwa na mchezo. Mjomba wake, mwenye karakana ya kuchomelea mageti, alishamwandalia ovaroli na kila Jumapili alipiga simu kuuliza anaanza lini. Injinia aliogopa cheche tangu utotoni. Cheche zenyewe aliziogopa kidogo kuliko kicheko cha mjomba.

"Imekataa tena?" mama aliuliza huku akimenya viazi.

"Mama, mtu akiwa ameifungua, inafanya kazi bila shida. Akiifunga, inatakiwa iendelee chinichini, yeye hata hajui. Sasa simu ikiona kuna kitu kinafanya kazi huko nyuma, inasema kinanimalizia chaji, inakizima."

"Kwa hiyo anatakiwa wa kufanya kazi huko nyuma, asionekane, na asishukuriwe."

"Si mtu, mama. Ni programu."

"Nimekuelewa, baba," mama alisema, akaendelea na viazi vyake.

Injinia akabandika orodha ya wale wateja kwenye mlango wa friji, jina, namba ya simu na dawa ya kila mmoja, ili awe anaiona akikata tamaa. Kisha akaivamia kazi. Alifuta mistari, akaandika mingine, akairudisha ile aliyoifuta. Kulipopambazuka macho yalikuwa mekundu, na mama akamfukuza kwenda kulala. Saa moja ilipofika alikuwa anakoroma.

Aliamshwa na simu ya mfamasia.

"Kumi wamemeza," alisema mfamasia.

Siku iliyofuata walimeza wote kumi na wawili. Injinia alirukaruka sebuleni akiwa na soksi mguu mmoja. Alikuwa amebadilisha mistari arobaini na hakuwa na habari ni upi ulioponya. Basi akaapa hataugusa hata mmoja.

Kulikuwa na mambo madogomadogo. Vikumbusho havikufika kwa pamoja. Wa kwanza alipata saa moja kasorobo, wa mwisho saa moja na robo. Injinia aliandika kwenye daftari lake: mfumo unajipangia foleni. Bibi mmoja alikumbushwa mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa bafuni. Injinia aliandika: ikishindwa, inajaribu tena. Alisoma maneno hayo mara tatu, akajiona mtu mzito.

"Kuna mzee anasema ilimsisitiza ale kwanza," mfamasia alimwambia Alhamisi.

"Nilishaiwekea hiyo. Dawa za baada ya kula."

"Na wanasema ina adabu."

"Nimechagua mlio laini, dada."

Ijumaa alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda kusimama mbele ya kaunta ya duka la dawa. Mfamasia alimaliza kuhudumia mtu wa kikohozi, akavua miwani, akafungua daftari lake. Mbele ya majina yote kumi na mawili kulikuwa na alama ya vyema.

"Nimefanya kazi hii miaka ishirini," alisema. "Sijawahi kuona watu wazima wakimeza dawa kwa furaha namna hii. Umefanyaje?"

"Ni kupangilia tu kazi za chinichini," Injinia alijibu, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa akijua.

Mfamasia akasogeza mkataba na kalamu. "Nina maduka sita. Tusipoteze muda, tunawaingiza wateja wote kwa mpigo."

Injinia alisaini, akatoka mbio mpaka nyumbani. Alimkuta mama jikoni, akamnyanyua juujuu na mwiko wake mkononi. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alimshika mashavu, akamwambia alijua tu, toka mwanzo alijua, na sasa mjomba akamvalishe ovaroli mtu mwingine.

"Na siyo wale kumi na wawili tu, mama. Amenipa elfu tatu. Kuanzia Jumatatu."

Mama aliacha kucheka. Akavuta kiti, akaketi, akafuta mikono kwenye aproni kidole kimoja kimoja.

"Elfu tatu. Na wote wanameza saa moja asubuhi?"

"Wote, mama. Kwa nini?"

Mama akatazama saa ya ukutani, akavaa miwani, akavuta simu yake karibu.

"Basi nipe majina mapema, mwanangu. Hao wa Jumatatu itabidi nianze kuwapigia leo hii."