Kimo cha Gambuti

Teke la kwanza lilimpata Nehemiah akiwa amechuchumaa anakamua ng'ombe, na maziwa yote ya jioni yakamwagika.

"Simama," Kingori alimwambia. "Simama upigane na mwanaume mwenzako."

Nehemiah hakuwahi kusimama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Vihiga aliyehamishiwa Endarasha akaoa hapo hapo, na vita havikuwa kazi yake. Mugo, mdogo wake Kingori, alimvuta mikono nyuma, naye Kingori akaanza kumwonyesha cha mtema kuni. Alimpiga mdomoni. Alimpiga mbavuni. Mkono wa mwalimu ulipovunjika ulitoa sauti ya kuni kavu, na Kingori, lazima isemwe, aliifurahia sauti hiyo.

"Shemeji, mimi nimewakosea nini?" Nehemiah aliuliza, mdomo umejaa damu.

"Uliza miguu ya Wacera."

Wacera, mke wa mwalimu, ndiye dada yao wa pekee. Wiki hiyo alikuwa amewatembelea kaka zake, na alipopandisha sketi ili anawe matope, Kingori aliiona miundi yake. Ilikuwa na madoa ya mviringo, ya kahawia, moja juu ya lingine. Alimuuliza ni nani aliyemfanyia hivyo.

"Sijui zimetoka wapi," Wacera alisema. "Hakuna mtu amenigusa."

Damu ilimchemka Kingori, maana maneno hayo aliyajua. Mama yao aliyasema hayo hayo miaka nenda miaka rudi, na madoa yake yalikuwa mahali pale pale, kimo cha ncha ya gambuti, buti la mpira la zizini. Mwanaume wa gambuti pale nyumbani alikuwa mmoja tu. Vijana walipopata nguvu walimvizia baba yao zizini. Mugo alimshika mikono, Kingori akampiga kwa mpini wa jembe, wakamfukuza. Mzee aliapa mpaka getini kwamba hajawahi kumgusa mke wake, nao wakacheka. Alifia huko Doldol akichunga mbuzi wa watu, na hakuna mwanawe aliyekwenda kumzika. Mama naye alifuata, kwa kidonda cha kidole cha mguu kilichokataa kupona. Hicho nacho walimbebesha baba.

Kwa hiyo Kingori alipompiga mwalimu, hakuwa na shaka hata chembe. Alikuwa mtoto mwema anayemaliza kazi.

Wacera alitoka jikoni mbio na kuwakuta wakimkanyaga mumewe kwenye matope na maziwa. Hakupiga kelele. Alichukua jembe, akamchapa nalo kaka yake mguuni kwa nguvu zake zote.

Kingori hakuyumba. Aliendelea kupiga, kama kwamba jembe limempata mtu mwingine, hadi Mugo alipomwonyesha damu ikifurika kutoka kwenye buti lake. Hapo ndipo wote waliposimama wakihema.

Jirani mwenye pikapu aliwapakia wote pamoja, aliyepiga na aliyepigwa, kwa kuwa gari lilikuwa moja, akawateremsha hospitalini Nyeri mjini. Njiani Kingori alimaliza chupa nzima ya maji, akaomba nyingine. Siku hizi kiu yake haikuwa na mwisho.

"Nyinyi si ndugu zangu tena," Wacera aliwaambia.

Chumbani, nyuma ya pazia, Nehemiah aliguna wakimnyoosha mkono. Wacera alikuwa naye. Mugo alisimama mlangoni, hajui ashike wapi. Daktari, mama mmoja wa Kikamba aliyeitwa Nduku, alikata suruali ya Kingori kwa makasi na kusafisha damu.

"Hii imeingia karibu ifike mfupa," alisema. "Na husikii uchungu?"

"Mimi ni mwanaume, daktari."

Nduku hakucheka. Alimchoma kidole, akatazama kimashine chake, kisha akamchoma kingine.

"Mzee, uko na sukari. Tena imekaa sana, ndiyo maana miguu imekufa ganzi. Sukari ikizidi kwa damu, inaharibu ile mishipa midogo ya ngozi, inaacha madoa hapa mbele ya mguu. Mtu akiona anadhani ni kupigwa." Alivuta taa karibu. "Kama hizi zako. Ama kuna mtu alikupiga mateke?"

Kingori aliinama, akaitazama miundi yake mwenyewe. Mlangoni, Mugo naye alikuwa akiitazama.

"Hakuna mtu amenigusa," Kingori alisema polepole. "Sijui zimetoka wapi."