Kiraka Nyuma ya Ua

Siku tuliyomzika dada, niliiona picha aliyoipiga ya ua la bamia kwenye tangazo la duka la mbegu mtandaoni. Jina lake halikuwapo.

Kesho yake nilikwenda dukani kuuliza picha ile waliitoa wapi.

"Hiyo tumepiga wenyewe, shangazi. Studio," alisema mwenye duka.

Nikatandaza shuka la dada juu ya kaunta. Ndilo alilokuwa akilitundika nyuma ya kila ua alilolipiga picha. Kiraka cha njano, kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, kilionekana vilevile kwenye tangazo.

"Na studio yenu ina kiraka?"

Wateja wakaangua kicheko. Mwenye duka alikigusa kiraka, akatoa simu yake.

"Yaishe, shangazi. Niandike jina gani?"

Nilimtajia, herufi kwa herufi.

Sasa tangazo lina jina la dada yangu.