Mlinzi wa Mlango

Mzee alipiga meza kwa kiganja, kipanya kikaruka.

“Mshenzi wewe,” aliiambia skrini. “Fungua mlango.”

Mlinzi wa kwenye skrini hakufungua. Alicheka kama alivyocheka jana na juzi, akazungusha rungu lake, picha ikakatika, na mchezo ukarudi mwanzo, njia panda nje ya ngome.

Fundi alinyanyua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa akiilehemu. Alikuwa mwanamke mwenye subira, sifa ambayo wateja wake walikuwa wameitumia hadi ikabaki kidogo. Dukani alitengeneza vyombo vya umeme, na katika chumba cha nyuma aliweka kompyuta za zamani kwa watu waliotaka kucheza michezo ya ujana wao. Wengi walicheza, wakacheka, wakaenda zao. Huyu alikuja na diski yake mfukoni na hasira zake kifuani, na wateja wenzake walishampachika jina la Mzee Ngumi.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa miaka ya tisini, wa aina ile iliyoigizwa na watu halisi mbele ya kamera kama filamu. Unachagua jambo, kompyuta inaguna ikitafuta kipande chake, kisha picha inatokea, ndogo kama kipande cha sabuni na chafu kidogo. Kuta za ngome zilikuwa za maboksi. Mtu akipita upesi zilitikisika. Mlinzi alivaa kofia ya chuma iliyoacha wazi mdomo tu, na mdomo huo haukujua kusema neno bila dharau. Ukifika mlangoni anakuuliza unataka nini, na chini yake yanatokea majibu matatu: Pigana. Toroka. Omba radhi.

Mzee alichagua Pigana. Kila mara.

Fundi alishamshauri ajaribu jibu jingine. Mzee alimwambia asimfundishe kazi; yeye aliucheza mchezo huo fundi akiwa bado anatambaa. Fundi alijiuliza mtu anawezaje kucheza mchezo tangu zama hizo asijifunze kitu. Siku nyingine akamkumbusha kwamba hasira hasara. Mzee akamjibu kwamba hasara alishaipata, zimebaki hasira tu.

Asingemvumilia kama asingejua kilichomleta. Nyuma ya mlango ule alikuwamo mke wa mzee. Siku ya kwanza aliposema hivyo, fundi alijua kapata mgonjwa wa akili, mpaka alipoelezwa vizuri: mkewe ndiye aliyecheza mfungwa wa ngome. Ndoa ilivunjika muda mfupi baada ya mchezo kupigwa picha, mwanamke akaondoka na picha zake zote, na sasa alikuwa amefariki huko alikokwenda. Uso wake na sauti yake havikubaki popote duniani ila kwenye chumba kile cha maboksi, na mchezoni mzee hakuwahi kukifikia.

“Na huyu mlinzi alikukosea nini?” fundi aliwahi kumuuliza.

“Huyo ndiye aliyenivunjia nyumba.”

Fundi hakuchimba zaidi. Alikuwa mtu mzima, na mambo ya watu wa filamu alikuwa akiyasikia.

Leo kompyuta ilianza kukwaruza. Lenzi ya kusomea diski ilikuwa inakufa, na spea zake hazikupatikana tena popote. Fundi alimwambia mzee wazi kwamba mashine hiyo haifiki jioni, na kwamba mjini hakuna nyingine inayousoma mchezo huo. Mzee akaitikia kwa kichwa, akafika mlangoni, akabonyeza Pigana. Rungu, kicheko, njia panda.

Hapo fundi naye zikampanda. Kumwona mtu mzima akikiharibu kwa ubishi kitu anachokililia kulimchoma kuliko kelele zote za siku zile. Aliweka redio chini, akavuta kiti, akamsukuma mzee kwa bega na kukamata kipanya. Akapita njia panda, akapita daraja, akafika mlangoni. Mzee akamshika mkono.

“Simwombi radhi huyu. Yeye ndiye wa kuomba.”

“Unataka kumshinda, au unataka kumwona mkeo?”

Mkono ukalegea. Fundi akabonyeza.

Kompyuta ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Kisha mlango ukafunguka. Mwanamke kijana aliyeketi sakafuni akainua uso, akatazama mbele moja kwa moja, pale alipokaa mchezaji.

“Umechelewa,” alisema.

Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya mtu anayejua kucheka. Mzee aliubana mdomo wake kwa ngumi.

Mlinzi naye akaingia chumbani. Akavua kofia ya chuma: kijana mwenye nywele nyingi, anayejipenda kupita kiasi. Akasimama kizingitini ili mwanamke apite kwa kubanana.

“Nenda,” alimwambia. “Ila ukitoka hapa, usirudi.”

Mwanamke akapita bila kumtupia jicho. Kompyuta ikatoa mlio mmoja wa chuma, na picha ikaganda kwenye uso wa mlinzi.

“Hakurudi,” mzee alisema.

Machozi yalimjaa fundi, na hasira zikaja juu yake. Aliutazama ule uso wa kiburi, kidevu juu, umeridhika na nafsi yake.

“Haki ya Mungu,” alisema, “siku nikikutana na huyu, namtandika kofi.”

Mzee alikigeuza kiti chake, akafumba macho, akamsogezea shavu.

“Umeshakutana naye,” alisema. “Piga.”