Mabaki ya Wenzake

"Huyu kambare ni mpole, dada," alisema muuza samaki. "Anashinda chini, anaokota mabaki tu. Hana ugomvi na mtu."

Fundi cherehani aliinama mpaka pua ikagusa kioo. Tangi lake la nyumbani lilikuwa na visamaki vyembamba kama sindano, na neno "mpole" halikumtuliza. Hata aliyekuwa mumewe alisifiwa hivyohivyo siku ya posa.

Kambare alitulia mchangani, ndevu zikipapasa, tumbo limemjaa ndi.

"Mbona yuko peke yake?"

"Anapenda nafasi."

"Na hayo mabaki anayookota, huwa ya nani?"

Muuza samaki alichukua kitambaa, akaanza kufuta kioo kilichokuwa kinang'aa tayari.

"Ya wenzake," akasema.