Sifuri ya Kunyoosha Safu

"Bado inawaka," fundi wa seva alisema kwenye simu. "Tangu asubuhi unaniambia umeifuta seva namba kumi, na mimi naiona hapa inanipepesea taa ya diski iliyojaa."

"Kaka, programu inasema imefuta. Kagua nyaya zako."

"Nyaya zangu zimekukosea nini tena?"

Mwanaprogramu alisonya, akabonyeza kwa hasira. *Imefutwa.* Akaikodolea macho anwani ya seva hiyo kwenye skrini, iliyoishia na 010. Sifuri ya mbele aliiweka mwenyewe jana, ili anwani zote zilingane urefu na safu inyooke. Safu ikipinda humkera.

Kidole kikamganda juu ya kitufe.

Lugha aliyoiandikia programu hiyo, ikikuta sifuri mbele ya namba, huhesabu kwa nane nane badala ya kumi kumi. Kwake 010 si kumi. Ni nane.

Na namba nane ndiyo seva mpya, waliyohamishia picha zote za eksirei za wagonjwa. Asubuhi nzima alikuwa akiifuta hiyo, tena na tena, huku akimgombeza mtu wa watu. Nakala nyingine ilikuwa kwenye ile kumi kuukuu tu.

"Kaka," alisema polepole, "hiyo kumi usiiguse."

"Sikusikii, dada. Nimechoka kubishana na wewe, nimeshaichomoa. Natoboa diski, ifutike moja kwa moja."

Kwenye simu drili ilikuwa ikinguruma. Kisha ikabadilika sauti, kama inavyofanya ikifika kwenye chuma.